Anayeadhini Udongoni

Benchi letu liko mkabala na lango la makaburi. Bi Birika alianza kuuza kahawa pale kwa sababu ukuta wa makaburi unatoa kivuli asubuhi nzima, nasi tukaifuata kahawa. Ukikaa hapo humkosi anayepita kwenda kuzikwa: unainuka, unasema yapasayo, unakaa, unaendelea na ubishi wako. Wenyewe wa benchi ni wachache. Kuna Fatwa, dereva wa teksi, ambaye hajamaliza darasa lolote la dini lakini hakuna jambo asilolitolea hukumu. Kuna Chaji, fundi wa simu, anayeamini kila kitu duniani kina betri mahali fulani. Kuna Methali, kinyozi, ana methali kwa kila shughuli na kwa kawaida si ile inayohusika. Na kuna mimi, fundi cherehani, wananiita Sindano, na wanaapa jina halikutokana na kazi. Asubuhi ninayoisimulia, mwenzetu mwingine, Fundi Saa, tulikuwa tumemzika jana yake mchana. Nafasi yake pale ncha ya benchi ilikuwa wazi, na asubuhi hiyo hakuna aliyethubutu kuikalia.

— Haya, semeni wenyewe, alisema Bi Birika akimimina. Jana nani alikimbia kwanza?

— Mimi sikukimbia, alisema Fatwa. Niliondoka kwa kasi.

— Na kandambili moja.

— Ya pili niliiacha iweke nafasi.

— Mimi nilirudi nyumbani kuangalia kama nimefunga mlango, alisema Chaji.

— Ukipita juu ya ukuta?

Mimi nilificha miguu chini ya benchi. Nilikuwa nimevaa kandambili mbili za mguu wa kushoto, moja yangu na moja ya mja wa Mungu nisiyemjua, na haikuwa siku ya kumcheka mtu.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Tulimshusha Fundi Saa kaburini, mwanawe akiwa mle ndani na wenzake kumpokea baba na kumlaza kwenye mwanandani, ile nafasi nyembamba inayochimbwa ubavuni. Mbao zikapangwa, udongo ukarudishwa, tukachuchumaa kumwombea dua. Imamu alikuwa anamwomba Mola ampanulie kaburi, nasi tunaitikia amina, ndipo kaburi nalo likaitikia. Allahu Akbar, Allahu Akbar. Sauti ilitoka chini, nzito, ya mbali, kama mtu anayesema chumba cha pili na mlango umefungwa. Ilikuwa adhana ya Alasiri, na haikuruka neno. Nimeishi, nimeona mengi, lakini nilihisi ngozi ya kichwa inasogea. Watu wazima walilia. Imamu mwenyewe alikaa kitako kwenye udongo, akasahau kanzu yake nyeupe.

— Ile ni karama, alisema Fatwa. Nilijua siku nyingi kwamba marehemu ni walii.

— Siku nyingi zipi? nilimwuliza. Wiki iliyopita ulimwita bahili.

— Mawalii wote wabahili. Wanaibania dunia.

— Debe tupu haliachi kuvuma, alisema Methali kwa huzuni.

— Wewe! Unamwita marehemu debe?

— Nimesema kwa heshima.

— Mimi nina neno moja tu, nilisema. Adhana ya kaburini ilitangulia ya msikitini.

Hapo wote walishusha vikombe. Kila mtu mtaani anajua kwamba Fundi Saa aligombana na saa ya msikiti maisha yake yote. Alikuwa akisimama chini yake na saa yake mwenyewe kiganjani, anaziangalia mbili, anatikisa kichwa, anasema, "Hii yenu inachechemea." Wakamruhusu kuitengeneza, akaitengeneza, ikachechemea tena. Alikufa hawajapatana.

— Hajakubali, alinong'ona Methali. Hata huko alikofika hajakubali.

— Basi mimi nitawaambia kilichotokea, alisema Fatwa, akasogea mbele. Wale malaika wawili wamefika kumwuliza maswali yao. Fundi Saa kawaambia, subirini kidogo, wakati umeingia. Wakasubiri.

— Malaika wasubiri?

— Mbele ya adhana utafanyaje?

— Astaghfirullah, alisema Bi Birika. Fatwa, shusha hayo maneno kabla hujatushusha sote.

— Haya, mnataka la kisasa? Chaji alifuta midomo. Kampuni za simu. Wazima wote tuna simu sasa, soko limejaa. Wamebaki na nani? Waliolala. Wanatandaza waya chini ya makaburi, wanaanza na adhana ili tuzoee, kesho utasikia kaburi la shangazi yako linatangaza vifurushi.

— Vya muda gani?

— Visivyokwisha. Ndiyo raha ya lile soko.

Tulicheka, jamani, kicheko kile cha mtu anayejipa moyo gizani, ingawa jua lilikuwa linawaka. Bi Birika ndiye aliyetukata.

— Mlinzi wa makaburi kaleta funguo zake kwangu leo asubuhi. Anasema Magharibi iliita. Isha ikaita. Alfajiri ilipoita akachukua redio yake na mkeka, akaenda kwa dada yake. Mimi nimepewa funguo za makaburi, mimi muuza kahawa.

Chaji alikuna shingo, akaongea kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, sauti ya mtu asiyetaka kuwa sahihi.

— Jamani. Mle ndani mna simu.

— Kafiri we! alisema Fatwa.

— Sikufuru. Inaita kila wakati wa sala, inaita kabla ya saa ya msikiti, ambayo tunajua inachelewa. Ni programu. Nusu ya simu ninazofungua zinayo.

— Na simu imefikaje kaburini? Marehemu hakuwa nayo. Alikuwa anasema hataki saa yenye maneno mengi.

— Ilikuwa yangu, mzee wangu.

Hatukumwona alivyofika. Alikuwa amesimama nyuma yetu, mtoto wa Fundi Saa, mwanamume mzima, nyumbani anaitwa Ng'ambo kwa sababu huko ndiko alikokwenda kusoma, akapata kazi, akakaa. Alikuwa na ndevu za siku za msiba na macho yamemvimba. Tuliinuka wote tukampa mkono, tukamwambia pole mara ya kumi, na Bi Birika akamkalisha pale ncha ya benchi, mahali pa baba yake, bila kutuuliza.

— Kunywa, mwanangu. Umekula?

— Nimekula, mama.

— Hujala. Kunywa.

Akanywa. Kisha akatuambia. Alipoinama mle kaburini kumlaza baba, simu ilikuwa kwenye mfuko wa shati, mfuko wa kifuani. Alipofika nyumbani akajipapasa, mfuko mtupu. Lakini alikuwa ameshajua tangu pale. Sote tulipokimbia, yeye alibaki amepiga magoti juu ya udongo.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Methali. Kwa mara ya kwanza nguo ilikuwepo, ingawa hakuna aliyeliwa.

— Kwa nini hukusema, kijana? nilimwuliza. Watu tumekesha tunatetemeka.

— Ami, nilijua ni simu yangu. Naijua sauti yake. Na bado, kwa muda ule, sikuwa na hakika kwamba ni simu.

Chaji alikuwa ameshachomoa simu yake mfukoni.

— Nitajie namba. Tuipige. Ikiita tu, ubishi umekwisha.

— Piga, alisema Fatwa, ila alisogea mbali na Chaji.

Chaji akaandika namba aliyotajiwa. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kijani pale Bi Birika alipouliza, taratibu, huku akipangusa birika lake:

— Na ikipokelewa?

Kidole kilibaki hewani. Tulikitazama sote. Mtu anaweza kukaa na elimu yake yote ya betri na waya, lakini kuna maswali ambayo huyaulizi ukiwa mkabala na makaburi. Chaji akairudisha simu mfukoni, akasema mtandao wa eneo hili ni mbovu tu siku zote.

— Basi inunuliwe nyingine, alisema Fatwa. Simu ni simu.

— Si simu tu, mzee wangu. Kesho nasafiri. Tiketi imo humo. Kibali changu cha kuishi kule kimo humo. Mlango wa ofisini haufunguki kwa ufunguo, unafunguka kwa simu hiyo, na simu yenyewe inafunguka kwa uso wangu. Benki wakinitaka nithibitishe, wanatuma neno humo humo. Bila ile simu siwezi hata kuonyesha kwamba mimi ni mimi.

— Sisi tunakujua, alisema Methali kwa mshangao. Wewe ni mtoto wa Fundi Saa.

— Kule hawana sehemu ya kuandika hivyo.

Nilimtazama mtoto wa watu na nikaona huruma, na hofu pia. Tulikuwa tumezika mtu mmoja, na kumbe kwenye kaburi lile lile tulikuwa tumemzika na mwanawe, pamoja na vyeti vyake vyote.

— Imamu anasemaje? nilimwuliza.

— Nilikwenda kwake baada ya Alfajiri. Anasema kitu chenye thamani kikiangukia kaburini, wanazuoni wameruhusu kufukua na kukitoa, kwa heshima. Ruhusa ipo. Ila akaniambia, "Amua wewe, aliyelala ni baba yako." Na mchimbaji kanipa jembe. Nimeliegemeza pale langoni.

Tuligeuka. Kweli, jembe lilikuwepo, na udongo mwekundu wa jana bado uko kwenye bamba lake.

— Mgeni siku mbili, alianza Methali, ya tatu...

— Methali, nilimwambia, ukimaliza hiyo nakushona mdomo.

— Mimi natoa hukumu, alisema Fatwa. Afukue! Dini haikuja kumtesa mtu. Riziki yake imo chini.

— Asifukue, nilisema. Mnataka kumwamsha mtu kwa ajili ya tiketi?

— Maiti haamshwi.

— Sasa mbona unakimbia ukimsikia?

— Mnisikilize, alisema Chaji. Betri itakwisha leo au kesho. Ikizima, hata akifukua baadaye, ataichaji na kuiwasha tu, hakuna hasara. Kinachokwisha ni adhana.

Ng'ambo aliinua uso.

— Ndiyo hiyo inayonisumbua, alisema. Si mimi niliyeiweka ile adhana.

— Nani?

— Baba.

Kahawa ilikuwa inafuka na hakuna aliyeigusa.

— Nilipofika, alikuwa hospitali, amebaki mifupa. Akaniuliza, "Huko unakokaa, nani anakuita kuswali?" Nikamwambia, hakuna, baba. Huko kila mtu na lake. Na ni kweli, ami, nilishaacha siku nyingi. Kule hata jina langu wamelikata, wanaita nusu, na ile nusu inayonionyesha nimetoka wapi nimeiacha mwenyewe, ili nisiulizwe. Zamani nilikuwa na programu kama hiyo. Ikalia siku moja tukiwa kwenye mkutano, wote wakageuka wakanitazama. Nikaizima. Niliizima kama mtu anayeziba mdomo wa mtoto anayelia mbele ya wageni.

— Na baba yako?

— Akaninyooshea mkono, akasema, "Nipe saa yako." Sina saa, nikampa simu. Nikadhani anataka kuona picha za watoto. Akaishika karibu na jicho, lile jicho lake la kazi, akaigonga-gonga kwa ukucha, muda mrefu, anapumua kwa shida. Kisha akanirudishia. Akasema, "Imepona." Nikadhani ni dawa zinamsemesha, nikaizima kwa masharti ya hospitali, sikuiwasha tena mpaka jana tulipotoka na jeneza.

Fatwa alivua kofia, akaivaa tena. Nami sioni aibu kusema kwamba machozi yalinitoka. Mzee yule aliyekataa saa zenye maneno mengi alikuwa ameingia kwenye kidude asichokijua, akiwa kitandani pa kufia, akapapasa mpaka akapata pa kurekebisha. Ilikuwa kazi yake ya mwisho, na mwenye saa hakujua kama imetengenezwa.

— Kwa hiyo ni walii, alisema Fatwa polepole. Nilisema.

— Kwa hiyo ni programu, alisema Chaji. Nilisema.

Wala hawakubishana. Kila mmoja alisema lake kama anayemkabidhi mwenzake.

Kivuli cha ukuta kilikuwa kimetufikia miguuni, karibu kinatoroka. Adhuhuri ilikuwa inakuja. Ng'ambo akainuka, akashukuru kwa kahawa, akavuka barabara na kuchukua jembe. Bi Birika akafungua lango, maana yeye ndiye mlinzi sasa. Tulimfuata. Hatukuitana, hatukushauriana, tulijikuta tu tumevuka.

Kaburi la Fundi Saa liko karibu na ukuta wa upande wa msikiti. Kandambili zilikuwa bado zimetapakaa pale, hakuna aliyekuja kuzichukua. Niliiona yangu ya kulia. Niliiacha. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, kipaza sauti cha msikiti kimekufa, na mwadhini angelazimika kusimama mlangoni na kuita kwa koo lake. Kulikuwa kimya cha ajabu. Ng'ambo alisimama upande wa kichwani na jembe mkononi, akaliinua kidogo, akalishusha, akaliinua tena.

— Bismillahi, alisema.

Na hapo ikaita.

Allahu Akbar, Allahu Akbar. Safari hii hakuna aliyekimbia. Tulijua ni simu. Chaji alishatueleza mpaka betri yake, na kujua kote huko hakukutusaidia kitu. Sauti ilipanda kupitia kwenye mbao, kupitia kwenye udongo tuliouweka kwa mikono yetu, ikatufikia nyayoni kabla ya masikioni. Niliona punje za udongo zinateremka kwenye tuta la kaburi, au niliona nilichotaka kuona. Methali alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakikutoka kitu. Fatwa midomo yake ilikuwa inamfuatisha mwadhini neno kwa neno. Jembe lilibaki juu mikononi mwa Ng'ambo.

Nyuma yetu kikasikika kishindo cha ngazi inayowekwa chini. Alikuwa fundi wa umeme, mgeni kabisa kwetu, na mabuti yake na koleo kiunoni. Nguzo inayopeleka waya msikitini iko mle ndani pembeni ya ukuta. Alisimama, akavua helmeti yake. Akatazama kaburi, akatutazama sisi, wanaume wazima na muuza kahawa tumezunguka tuta la udongo linalosema. Akasubiri mpaka sauti ikamalizika, maana alikuwa mtu wa adabu.

— Samahani, wazee wangu, alisema. Mimi si wa dini yenu, nauliza tu nijue. Hapo anamwita nani?

Nikamtazama Fatwa. Fatwa akamtazama Chaji. Chaji akatazama viatu vyake. Tangu jana tulikuwa tunabishana ni nani anayeita: walii, malaika, kampuni, programu. Tulikuwa na majibu ya kutosha kujaza gari. Lakini hilo la pili, anamwita nani, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amejiuliza, pamoja na adhana zote zile zilizopita juu ya benchi letu miaka yote, tukishusha sauti kidogo kwa heshima, kisha tukiagiza kahawa nyingine.



Ng'ambo alishusha jembe. Hakulitupa; alilishusha taratibu, akalilaza kando ya kaburi, bamba likitazama chini. Akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya udongo.

— Haya, baba, alisema. Nimesikia.

— Na kibali chako? Chaji alimwuliza. Na kesho?

— Nitapanga foleni, niwaambie mimi ni mtoto wa nani, waandike upya. Safari hii waandike jina lote.

Akajipangusa mikono, akapita katikati yetu kuelekea mlango mdogo wa upande wa msikiti, pale penye mabomba ya kutawadhia. Tulisikia maji yakifunguliwa. Fundi wa umeme aliinua ngazi yake akaenda kwenye nguzo, bado anageuka nyuma kutazama lile tuta. Methali akamfuata Ng'ambo. Fatwa akafuata, kandambili moja mguuni, nyingine ameiokota na kuisahau mkononi. Chaji alibaki kidogo. Alichomoa simu yake, akaitazama muda, akairudisha, kisha naye akaenda, akitembea upande upande kama mtu anayeingia nyumba ambayo aliondoka bila kuaga. Mimi nilikuwa wa mwisho.

Bi Birika alisema anafunga lango kisha anatukuta, yeye huswali nyuma kule kwa wanawake. Tulipotoka baadaye tuliliona benchi kutoka ng'ambo ya barabara, jua limelikalia lote, mpaka ncha ya Fundi Saa. Vikombe vilikuwa vimejaa kama tulivyoviacha, na birika zima la kahawa limepoa.